Karatasi Nne za Damu

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, na hata yeye mwenyewe alikuwa karibu kulisahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, msemaji wa maneno machache, na mapazia aliyoyashona yalikuwa yakipepea katika nyumba nyingi kuliko alizoweza kuzihesabu. Baridi yabisi ilimwingia vidoleni akiwa na miaka arobaini na mitatu. Ikapanda viwiko, ikashuka magoti, ikaweka kambi. Alihangaika nayo mwanzoni, kisha akaizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi: unajua siku zake za ghasia, unajua siku zake za kulala, na unajua kwamba hahami.

Lakini hili la kuelea lilikuwa geni kwake.

Lilimwanzia katika nyumba tupu. Kazi yake nyingi ilikuwa katika nyumba za namna hiyo, zilizomalizwa kupakwa rangi jana au juzi, hazina kiti wala kitanda, sauti ikitoka inazunguka kuta nne na kurudi. Siku hiyo alikuwa amepanda kigoda sebuleni, kashika ncha moja ya futi juu ya dirisha kubwa, wifi yake kaishika ncha ya pili chini. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa chumbani kama maji kwenye beseni. Mara akahisi kigoda kinaondoka chini ya miguu yake, polepole, bila ubaya wowote, kama shuka linalovutwa kitandani kwa asiyeamka. Dirisha likapumua. Akaona pazia ambalo bado halijashonwa linajaa upepo, jeupe, refu, linamjia usoni, na akafurahi, akasema moyoni, kumbe limetoka zuri.

"Wifi! Ngapi huko juu?"

Akarudi. Kigoda kilikuwa palepale. Kiganja chake kimeacha alama ya jasho ukutani, kwenye rangi mpya.

"Mita mbili na sentimita ishirini," alisema. Alipopima tena, zilikuwa mbili na kumi na mbili.

Huyo wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuja msibani na mfuko mmoja, akasema kwamba atakaa wiki mbili, na wiki hizo mbili sasa zilikuwa na umri wa miaka saba. Watu walisubiri wagombane, maana wifi na wifi wakiwekwa chini ya paa moja watu huvuta viti kabisa wakae kutazama. Wakasubiri mpaka wakachoka. Wifi alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na alikuwa na mikono mizima. Ndiye aliyekata vitambaa vizito. Ndiye aliyefungua vifuniko vya chupa. Na ndiye, kila Jumapili baada ya chai, aliyekaa na kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba na kupanga dawa za wiki nzima, kwa kuwa vidole vya Mama Mapazia havikuweza tena kutoa kidonge kwenye karatasi yake bila kukirusha chini ya kabati.

Baada ya siku ile ya kigoda, kuelea kukawa mazoea. Alikuwa akishona, cherehani inaimba, na katikati ya mshono anajikuta ameondoka. Hakuwa amelala, macho yalikuwa wazi. Alikuwa mahali pengine penye mwanga hafifu, akifua kitambaa chekundu katika maji yanayotembea, na kila akikisugua rangi ilitoka, maji yakaichukua, kitambaa kikawa cha waridi, kisha cha rangi ya maziwa, na yeye hakuweza kuacha kusugua. Akizinduka, sindano ilikuwa imekimbia nje ya kitambaa na moyo wake ulikuwa unamdundia masikioni. Kutoka chumba cha cherehani mpaka jikoni kukawa safari ya kupumzika katikati. Mdomoni akaota vidonda vidogo ambavyo havikupona, akaisingizia chai ya moto.

Kliniki alikuwa anakwenda kila baada ya miezi mitatu kutoa damu, kwa sababu ya dawa yake kuu, ile waliyoiita nyumbani vidonge vya Jumatano, maana ilimezwa siku moja tu kwa wiki. Mara hiyo muuguzi aliitazama karatasi ya majibu kwa haraka, foleni ikiwa imefika mlangoni.

"Damu imeshuka kidogo, mama. Tisa nukta nane. Meza vidonge vya madini ya chuma, ule vizuri."

Wifi alipoyasikia hayo, alitangaza vita. Maini asubuhi, bitiruti mchana, mchicha jioni, maji ya komamanga, maharage mekundu, na vidonge vya chuma mara mbili kwa siku. Alimlisha kila kitu chekundu isipokuwa matofali.

"Meza, wifi. Damu hainunuliwi dukani."

"Na hiki nacho chekundu ni nini?"

"Usiulize. Meza."

Akameza. Miezi miwili na ushei akawa anameza. Choo kikawa cheusi, tumbo likawa zito kama limewekwa nanga, na kuelea kukazidi. Alipokwenda kupima tena na kuichukua karatasi dirishani, aliitafuta namba moja tu, ile aliyoifahamu. Tisa nukta moja.

Hakusoma kitu kingine. Aliikunja mara nne, akaiingiza katikati ya daftari lake la vipimo vya madirisha, pamoja na zile za nyuma. Mama yake mzazi alikufa akiwa mweupe viganja. Nyumbani kwao hawakuwa na jina la ugonjwa ule, walisema tu damu ilimwisha, kama wanavyosema mafuta yameisha kwenye taa. Mama Mapazia alikuwa na miaka ishirini na moja wakati huo, na alikumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akitabasamu kwa vitu visivyokuwepo. Sasa alijua mama yake alikuwa akitazama nini.

"Vipi majibu?" wifi aliuliza jioni ile, akikoroga kitu chekundu.

"Yako sawa."

Siku ya tatu yake simu ikalia. Ilikuwa kliniki ileile, lakini hawakumtaka mgonjwa, walimtaka fundi. Chumba cha maabara kilikuwa kinapigwa na jua la alasiri mpaka wafanyakazi wanafanya kazi macho yamekunjwa. Walitaka pazia zito. Wifi alikuwa anasubiri vitambaa viletwe nyumbani, kwa hiyo Mama Mapazia akaenda peke yake, na futi yake shingoni, na daftari lake kwapani.

Maabara ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Meza ndefu ya vigae vyeupe, jokofu linalonguruma, mashine mbili za ukubwa wa sanduku la nguo, na mirija ya damu imesimama safu kwa safu, kila mmoja na kofia yake ya zambarau. Alimkuta mzee mmoja wa makamo ya kustaafu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, nywele zimebaki pembeni tu. Pale kliniki walimwita Bwana Hadubini, kwa kuwa jicho lake la kulia lilikuwa limezoea kile chombo hata alipozungumza na mtu alilifumba la kushoto.

"Karibu, dada. Adui yetu yule pale," alisema, akionyesha jua.

Alipima upana. Alipoinua mikono kupima urefu, sakafu ikaanza tena upole wake ule. Mirija ikawa maua ya zambarau shambani, mengi, yanainama yote upande mmoja, na mlio wa jokofu ukawa mto. Safari hii alihisi anaweza kwenda nao. Ilikuwa rahisi sana.

Alipofumbua macho alikuwa ameketi kwenye kiti chenye magurudumu na yule mzee amepiga goti sakafuni, anaokota karatasi zilizotawanyika kutoka kwenye daftari. Aliokota moja, akaitazama, akafumba jicho la kushoto.

"Hizi ni zako?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Hii ya mwisho, hukuisoma mpaka chini?"

Mzee alimpa. Chini kabisa, baada ya namba zote, kulikuwa na mstari wa kalamu, mwandiko wa mtu asiye na haraka: *Tafadhali daktari aione mapema.*

"Huo ni mwandiko wangu. Mashine ilishtuka na namba zako, nikapaka tone la damu yako kwenye kioo nilitazame kwa macho yangu. Nikadhani kesho yake utakuwa kwa daktari. Leo siku ya tatu, dada yangu."

"Niliogopa," alisema Mama Mapazia. Neno hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, na lilitoka jepesi, kama uzi unaochomoka wenyewe.

Bwana Hadubini alimletea maji. Kisha akamwambia kwamba yeye si daktari, kwamba kazi yake ni kupima, na maana ya kipimo katika mwili wa mtu huyu au yule haimo mikononi mwake. Lakini kusoma kilichoandikwa, hilo kila mtu ana haki nalo.

"Basi nisomee."

"Ziko ngapi?"

"Nne."

Akazipanga kwenye kizingiti cha dirisha, ya zamani kushoto, ya sasa kulia. Mama Mapazia akasogeza kiti. Hakuwahi kuziona zote pamoja. Siku zote alikuwa akiangalia karatasi moja, namba moja, na kurudi nayo nyumbani ikimng'ata, na sasa alijishangaa, yeye ambaye hakati kitambaa kabla ya kulipima dirisha mara tatu.

"Tuache mengine yote. Tuangalie mistari mitatu," alisema mzee. "Huu wa kwanza ni idadi ya chembe zako nyekundu. Katika tone lisilozidi kichwa cha pini, ulikuwa nazo milioni tatu na laki tisa. Tazama sasa: milioni mbili na nusu. Mstari wa pili ndio huu unaoujua, hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa. Kumi na moja nukta sita, kumi nukta saba, tisa nukta nane, tisa nukta moja. Inateremka. Ndiyo maana unapanda kigoda na kigoda kinakukimbia."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ndio uliomshtua huyu." Aligonga mashine begani kama anagonga mfanyakazi mwenzake. "Huu ni ukubwa wa chembe moja moja, kwa wastani. Soma mwenyewe."

Alisoma kwa sauti. "Themanini na tisa. Tisini na nne. Mia moja na moja. Mia moja na nane."

Akasoma tena.

"Zinakua," alisema.

"Zinakua. Zimekuwa chache, lakini kila moja ni kubwa kuliko inavyopaswa. Umekuwa ukimeza nini?"

"Chuma. Na maini. Na vitu ambavyo wifi yangu hataki kuvitaja."

Mzee alicheka kidogo. "Mtu akiishiwa chuma, mara nyingi chembe zake huwa ndogo na zimepauka, kama vitumbua vilivyokosa unga. Mstari huu ungeteremka. Wako umepanda. Kwa hiyo chuma peke yake hakielezi jambo hili."

"Kinachoeleza ni nini? Ni... ni ule ugonjwa unaoua?"

Alilisubiri jibu akiwa ameshika ncha mbili za futi, kama mtu anayejishikilia kwenye kamba.

"Karatasi haitaji ugonjwa, dada. Inaonyesha pa kutafuta. Chembe kubwa huweza kuletwa na upungufu wa vitamini fulani, au ini, au tezi ya shingoni, au dawa anazotumia mtu. Nyingi kati ya hizo zinatibika. Kusanya dawa zako zote, usiache hata moja, hata ya kikohozi, kesho asubuhi umwone daktari. Nitampigia mimi leo."

Kisha, kana kwamba ni jambo la kawaida tu, akauliza, "Unataka kuziona?"

Kile kioo kilikuwa bado kipo, kipande chembamba kilichopakwa kitu cha rangi ya waridi. Akakiweka chini ya hadubini, akazungusha, akampisha. Mama Mapazia aliinamisha uso. Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha mwanga ukafunguka.

Hakuwahi kuona mahali patulivu namna ile. Zilikuwa nyingi mno hata aliona vigumu kuamini kwamba ndizo zilizoitwa chache. Zilielea katika weupe, kimya, mviringo kwa mviringo, nyingine zimerefuka kama mayai, kubwa, zenye haya, kama wanawake wanene waliokwama mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake. Hazikuwa na ubaya. Hazikuwa zinamwisha. Zilikuwa zinafanya kazi kwa kadiri zilivyoweza, na ilionekana wazi kuna kitu zimenyimwa wakati wa kuumbwa. Akawaza: hizi zimepita moyoni mwangu. Hizi zimepita vidoleni. Alikaa pale muda mrefu, machozi yakaingia kwenye kioo cha jicho, na Bwana Hadubini akajifanya anatafuta kalamu.

Asubuhi yake alimwambia wifi alete mfuko wa dawa waende kliniki. Wifi aliuliza kuna nini, mbona majibu yako sawa. Njia nzima wifi alikuwa akisema na Mama Mapazia akisikia sauti tu, kama redio ya jirani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyelala kwa saa tatu tu. Alimwaga mfuko mezani, akapanga maboksi moja moja, midomo ikihesabu. Dawa ya maumivu. Dawa ya tumbo. Vidonge vya Jumatano. Chuma. Akarudi mwanzo akahesabu upya.

"Vile vidogo vya njano viko wapi? Asidi ya foliki."

Mama Mapazia alimgeukia wifi. Ilikuwa ada, maswali ya dawa yalikuwa ya wifi. Lakini wifi hakumgeukia. Alikuwa anatazama maboksi na vidole vyake vinachezea kishikio cha mfuko.

"Mama, hii dawa ya Jumatano inatuliza viungo, lakini inaunyang'anya mwili foliki," daktari alieleza. "Bila foliki chembe za damu haziumbiki sawasawa. Zinatoka chache, kubwa kupita kiasi. Vile vya njano vinarudisha kilichochukuliwa. Havikuwekwa kama pambo. Hebu fungua mdomo." Akatazama vile vidonda, akatikisa kichwa. "Tangu lini humezi?"

"Tangu mwaka jana," alisema wifi kwa sauti ambayo hakuna aliyemjua angeitambua. "Miezi tisa."

Daktari hakupiga kelele. Aliandika. Alitaka vipimo vingine kwanza, chembe nyeupe, ini, akiba ya chuma, na vitamini nyingine ya damu, maana hakutaka kudhani. Vidonge vya Jumatano alivisimamisha siku hiyohiyo. Mchana majibu ya kwanza yalirudi: chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka nazo, si kwa kutisha. Akiba ya chuma ilikuwa imejaa pomoni.

"Chuma uache. Ghala halina nafasi," alisema daktari. "Na mama, umekuja wakati mzuri. Ungechelewa mwezi mwingine tungekuwa tunazungumza tukiwa wodini."

Walitoka. Walitembea bega kwa bega mpaka nyumbani, barabara ikiwa na kelele zake zote. Walipofika, Mama Mapazia aliketi kwenye kiti cha cherehani bila kuvua viatu.

"Niambie."

"Ulilia, wifi," alisema wifi, bado kasimama mlangoni. "Hukumbuki? Jumapili moja uliangalia kile kisanduku ukalia. Ukasema umechoka kumeza, umekuwa debe la dawa. Wiki ile ile vya njano vilikuwa vimeisha, nikamwuliza muuzaji wa duka la dawa, akaniambia ni vitamini tu. Nikasema basi, angalau kimoja nikupunguzie. Nikakiona kidogo kuliko vyote. Ndiyo dhambi yangu."

"Na chuma? Ulinishindilia chuma miezi yote hiyo!"

"Nilikuwa nakuona unaisha! Ningefanya nini?"

"Ungesema!" Alipiga meza, na kiganja kikamwuma mpaka begani. "Ni mwili wangu! Mikono niliazima kwako, wifi, mwili sikukupa."

Wifi aliingia chumbani kwake. Kupitia mlango uliobaki wazi Mama Mapazia alimwona anateremsha mfuko kutoka juu ya kabati, anaanza kukunja nguo, moja moja, kwa uangalifu wa mtu asiyeona anachokunja. Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. Alikuwa analia bila sauti, na kulia bila sauti kwa mtu yule kulikuwa kama kuona mvua isiyogusa ardhi.

Hasira ya Mama Mapazia haikuondoka. Ilikaa, lakini ikasogea, ikaacha nafasi pembeni yake, na katika nafasi ile akaikumbuka karatasi iliyokunjwa mara nne. Akainuka, akashika ukuta, akapumzika katikati, akafika kitandani kwa wifi na kuketi juu ya nguo.

"Umezikalia."

"Najua. Nilikudanganya, wifi. Majibu hayakuwa sawa. Nilijua yamezidi kushuka, nikayaficha siku tatu. Kulikuwa na maandishi kwamba daktari anione mapema, nami niliyakunja ndani ya daftari bila kuyasoma."

Wifi aligeuka na uso uliolowa. "Ukayaficha? Kwa nini?"

"Ili usihangaike."

Walitazamana. Wifi ndiye aliyeanza, kwa kukoroma puani, na Mama Mapazia akajaribu kujizuia asicheke kwa sababu alikuwa bado na haki ya kukasirika, akashindwa.

"Watu wazima wawili," alisema wifi, akijifuta kwa gauni. "Mmoja anaficha kidonge, mwingine anaficha karatasi. Tungekufa kwa kuhurumiana."

"Mimi ndiye ningekufa. Wewe ungebaki unakula maini."

"Maini siyapendi hata kidogo."

Jioni hiyo Mama Mapazia alizitandaza karatasi nne juu ya meza ya kukatia vitambaa, akamfundisha wifi mistari mitatu. Wifi alikuwa mwanafunzi mbishi. Alitaka kujua kwa nini kitu kikubwa kiwe kibaya, yeye mwenyewe ni mkubwa na hana neno. Lakini alipoelewa, alichukua chaki ya kushonea na kupiga alama pembeni ya kila namba, na tangu siku hiyo hakuna kidonge kilichoingia wala kutoka kisandukuni bila wote wawili kukubaliana, kwa sauti, kama wajumbe wa kamati.

Haikuwa rahisi. Majuma yale bila dawa ya Jumatano maumivu ya viungo yaliitumia nafasi hiyo vizuri sana. Vidole vilivimba kama ndizi mbivu, magoti yakagoma, na wifi akalazimika kushona peke yake. Alishona pazia la maabara lenye pindo lililopanda upande mmoja na kushuka mwingine, na Bwana Hadubini, alipotundikiwa, alisema kwa adabu kwamba linafanana na mlima. Kuelea kuliendelea siku chache, kisha kukaanza kuchelewa. Vidonda vya mdomoni vilipona kwanza. Baada ya wiki sita karatasi ilisema kumi nukta nne na mia moja kamili. Daktari akarudisha dawa ya Jumatano kwa kipimo kidogo, na vya njano siku nyingine zote.

Baada ya miezi minne: kumi na moja nukta tano. Tisini na mbili.

"Lakini hapa pembeni wameandika ianzie kumi na mbili," alisema wifi, ambaye sasa aliingia kwa daktari na miwani ya kusomea. "Bado nusu."

"Hizo za pembeni ni za watu wasio na ugonjwa wa viungo," daktari alimjibu. "Ugonjwa wenyewe huishikilia damu chini kidogo, hata mambo yakiwa mazuri. Kumi na moja na nusu ndiyo hali yake alipokuwa mzima kwa namna yake. Tutaishika hapo, na tutaangalia inakoelekea."

Mama Mapazia aliipokea karatasi akaisoma mpaka chini. Hapakuwa na maandishi ya kalamu. Alijikuta anawaza kwamba hajaota mchana kwa majuma mengi, na kwamba kitu fulani chepesi, chenye mwanga, kimeondoka pamoja na hatari yake. Hakumwambia mtu. Pengine mama yake pia alikuwa akipaona mahali pale, na kama ni hivyo, basi hakuwa ameteseka sana mwishoni. Wazo hilo lilimpa amani ambayo hakuitegemea kutoka kliniki.

Wifi naye alidai apimwe, kwa mara ya kwanza maishani. Alipata kumi na tatu nukta tisa na akamwambia kila mtu mtaani, mpaka muuza mkaa.

Wiki iliyofuata walipata kazi katika jengo la ghorofa nne, nyumba ya juu kabisa, madirisha tisa. Wifi alitangulia na vitambaa mabegani. Mama Mapazia alipanda kwa mwendo wake, na alipofika ghorofa ya tatu aliketi kwenye ngazi, futi shingoni, akavuta pumzi. Moyo ulikuwa unakwenda kasi, lakini ulikuwa kifuani, mahali pake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na ndoo alimwuliza kama yuko salama.

"Nipo salama, mama. Napumzika tu."

Juu, sauti ya wifi ilikuwa imeshaanza kumweleza mwenye nyumba kwamba rangi ya haradali haitafaa chumba cha kulala hata kidogo.